Nakili Kwanza, Tengeneza Baadaye: Makosa ya Diski ya Kompyuta na Namna ya Kuyakabili



Wale waliotangulia kufika nchi hii, kabla ya simu za bei nafuu, watazikumbuka barua za kaseti. Kupiga simu nyumbani kulikuwa anasa ya dakika tatu, na barua ya karatasi haikuweza kubeba sauti. Kwa hiyo jamaa waliketi barazani, wakabonyeza kitufe cha kurekodia cha redio kaseti, wakazungumza mpaka upande wa kwanza ukaisha, kisha wakageuza. Msafiri alikabidhiwa kaseti hiyo pamoja na chupa ya achari, na baada ya wiki mbili sisi huku tulimsikia jogoo wa nyumbani akiwika nyuma ya sauti ya mama.

Mimi nilikuwa na kaseti nne za namna hiyo, alizozizungumza marehemu mama yangu huko Pangani mwaka 1993. Ndani yake alitaja nasaba yetu hadi babu wa saba, akasimulia alivyoolewa, akaimba na nyimbo za kubembelezea watoto ambazo sijazisikia kwa mtu mwingine yeyote. Mwaka 2009 nilizihamishia katika kompyuta, nikajiona mtu wa kisasa. Tulipohama nyumba, kaseti zenyewe, ambazo zilikwisha kushika ukungu, nilizitupa. Mwaka 2019 diski ya kompyuta ile iliharibika, na nakiri mbele yenu kwamba aliyeimaliza ni mimi mwenyewe, kwa kujaribu kuitengeneza.

Makala haya yanakusudia kueleza kosa nililolifanya na namna ya kuliepuka. Karibu kila nyumba yetu sasa ina kompyuta, na humo mmelala picha za arusi, vyeti vya kuzaliwa, barua za uhamiaji na sauti za watu ambao hawapo tena. Siku moja mashine itasema kwamba diski ina makosa, nayo itaomba ruhusa ya kuyatengeneza. Jibu utakalolitoa wakati huo ndilo litakaloamua mengi.

DISKI NI KITU GANI?

Diski ngumu ndiyo ghala ya kompyuta. Barua, picha, hesabu, na hata programu zinazoiendesha mashine yenyewe, vyote hulala humo umeme unapozimwa. Diski ya kwanza ya aina hii ilitolewa na kampuni ya IBM mwaka 1956. Ilikuwa na mabamba 50 yenye kipenyo cha inchi 24 kila moja, uzito wake ulikuwa takriban tani moja, nayo iliweza kuhifadhi herufi milioni 5 tu, yaani nafasi ya picha moja au mbili zilizopigwa kwa simu ya leo.

Diski za mtindo huo bado zimo katika kompyuta nyingi za majumbani, na katika vile visanduku vya nje tunavyovichomeka kwa waya. Zina mabamba machache membamba yaliyopakwa utando wa sumaku, ambayo huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Katika diski ya mezani yenye mizunguko 7,200, ukingo wa bamba hukimbia kwa mwendo unaozidi kilomita 120 kwa saa, yaani kuliko mwendo unaoruhusiwa kwa gari katika barabara kuu za Uingereza. Juu ya bamba huelea kichwa cha kusomea na kuandikia. Kati ya kichwa na bamba pana nafasi ya nanomita chache tu, ilhali unywele mmoja wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Kichwa hicho kikiligusa bamba hulikwangua, na kilichoandikwa mahali hapo hakirudi tena.

Bamba limegawanywa katika vipande vidogo viitwavyo sekta. Kila sekta hubeba baiti 512 au, katika diski nyingi za siku hizi, baiti 4,096. Picha moja huweza kutawanywa katika mamia au maelfu ya sekta, wala si lazima sekta hizo zifuatane. Hivyo basi lazima pawepo daftari linaloeleza kipande kipi kiko wapi. Daftari hilo ndilo moyo wa jambo letu la leo.

KADI NA RAFU

Nilipokuwa nikifundisha nyumbani, kwa miaka kadhaa nilikabidhiwa maktaba ya shule. Wenye umri wangu wanayakumbuka yale makasha ya droo ndogo ndogo, yaliyojaa kadi. Kila kitabu kilikuwa na kadi yake, na kadi ilitaja rafu. Mwanafunzi hakutafuta kitabu katika rafu, bali alitafuta kadi.

Matatizo ya maktaba ile yalikuwa ya aina mbili. La kwanza lilikuwa la kadi. Kadi inasema kitabu kiko rafu ya tatu, kumbe kiko ya tano; au kadi mbili zinadai mahali pamoja; au kitabu kipo lakini kadi yake imepotea. La pili lilikuwa la rafu zenyewe. Tulifungua shule baada ya likizo ndefu, tukakuta mchwa wamekula mbao na vitabu vilivyokuwa juu yake.

Makosa ya diski nayo ni ya aina hizo mbili. Makosa ya kadi ni makosa ya mfumo wa mafaili. Kompyuta za Windows hutumia mfumo uitwao NTFS, uliotoka mwaka 1993. Fleshi na kadi za kamera aghalabu hutumia FAT32 au exFAT, na kompyuta za Apple hutumia APFS, ulioanza mwaka 2017. Mifumo hii yote ni namna mbalimbali za kupanga kadi. Huvurugika umeme unapokatika wakati mashine inaandika, au mtu anapochomoa fleshi kwa pupa kabla ya kuiaga kompyuta, au mashine inapoganda tukaizima kwa nguvu. Makosa haya mara nyingi hutengenezeka.

Makosa ya mchwa ni sekta mbovu. Bamba limechakaa, au kichwa kimelikwangua, na sehemu hiyo haisomeki. Hakuna programu iwezayo kuiponya. Linalowezekana ni kuweka alama kwamba rafu hii isitumiwe tena, na kuomba kwamba mchwa hawajahamia rafu ya jirani.

MKAGUZI NA UTIIFU WAKE

Kompyuta ya Windows ina mkaguzi wake, aitwaye chkdsk. Waliokuwa na kompyuta katika miaka ya 1990 watamkumbuka pia ndugu yake, ScanDisk, aliyejitokeza kwa rangi ya buluu kila mashine ilipozimwa vibaya. Kazi ya mkaguzi ni kulinganisha kadi na rafu. Akiruhusiwa kutengeneza, akakuta kadi isiyo na kitabu, huiondoa. Akikuta kurasa zisizo na kadi, huweza kuzikusanya katika folda iitwayo FOUND.000 na kuzipa majina kama FILE0000.CHK, ambayo hayamwambii mtu lolote.

Hapa ndipo wengi wetu tunapopotea. Tunasikia neno kutengeneza, tukadhani kompyuta inaahidi kuviokoa vitu vyetu. Haiahidi hivyo. Mkaguzi huyu ni mtiifu kwa katalogi, si kwa kitabu chako. Akimaliza atatangaza kwamba maktaba iko sawa, na kweli itakuwa sawa, lakini kitabu ulichokuwa ukikitafuta huenda kimekwisha kuondolewa ili hesabu zilingane.

Zaidi ya hayo, akitumwa kutafuta sekta mbovu, hulazimika kuisoma diski nzima, kipande kwa kipande, kwa saa nyingi. Kwa diski yenye afya hiyo ni kazi ndefu tu. Kwa diski iliyo mahututi ni sawa na kumwamuru mgonjwa wa moyo apande mlima ili tumpime afya yake.

USIKU ULE WA 2019

Hivyo ndivyo nilivyofanya mimi. Kompyuta ilikuwa imeanza kuwa nzito kwa wiki mbili. Kufungua barua moja kulichukua muda wa kuchemsha chai. Palikuwa na mlio mdogo, tik, tik, ambao nilidhani ni feni. Kisha ukatokea ujumbe kwamba diski ina makosa. Nikaandika amri ya ukaguzi mkubwa, nikaenda kulala, nikiwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi.

Alfajiri hesabu ilikuwa imesimama kwenye asilimia 27. Nikasubiri. Adhuhuri mashine ikasema haioni diski yoyote. Fundi niliyempelekea aliisikiliza kwa sikio, kama daktari, akaniuliza swali moja tu: "Mzee, ulikuwa na nakala nyingine?" Nilipokaa kimya, akanieleza kwamba kuna karakana maalumu zinazofungua diski katika vyumba visivyo na vumbi, akanitajia gharama, akaongeza kwamba hata huko hakuna dhamana, kwa sababu baada ya usiku mzima wa kukwanguliwa, huenda hapakubaki cha kusomwa. Angeipokea siku ya kwanza ya mlio ule, alisema, matumaini yangekuwa makubwa zaidi.

Baada ya siku nyingi za kujilaumu, nikakumbuka kwamba mwaka 2017 nilimpelekea mama mdogo, aliyeko Muscat, kipande kimoja kwa simu ili amsikie dada yake. Alikuwa nacho bado. Dakika kumi na moja. Nasaba imo hadi babu wa nne. Mababu watatu waliobaki, kisa cha arusi na nyimbo zote, vimekwenda.

SIMU YA KATIBU

Mwaka jana, usiku wa saa nne, katibu wa chama chetu alinipigia simu.

"Shikamoo, Mwalimu. Samahani kwa usiku huu."

"Marahaba. Kuna nini, mwanangu?"

"Kompyuta yenye daftari la chama inaniambia diski ina makosa. Inataka niiruhusu itengeneze. Nibonyeze?"

"Umekwisha kubonyeza?"

"Bado."

"Basi usibonyeze. Iweke sikio kwanza. Inatoa mlio wowote?"

Akanyamaza kidogo. "Kama saa ya ukutani, Mwalimu. Inagonga, halafu inanyamaza."

"Izime sasa hivi. Nakuja."

Wanachama wanajua daftari hilo ni la nini. Ni orodha ya michango ya mazishi: nani amelipa, mwezi gani, kiasi gani, na fedha za kumsafirisha marehemu hadi nyumbani zimefikia wapi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari letu lilikuwa mahali pamoja tu, katika diski inayogonga.

Tuliitoa diski ile, tukaichomeka kwenye laptopu yangu kwa kisanduku cha nje. Hatukuikagua. Tulinakili daftari kwanza, kisha kumbukumbu za mikutano, kisha picha. Mafaili matatu yalikataa, tukayaacha, tukaendelea na mengine. Tulipokwisha kufungua nakala na kuona kwamba zinasomeka, ndipo tulipoipima diski, tukakuta sekta mbovu nyingi. Siku ya pili tulinunua diski mpya. Wiki tatu baadaye mmoja wetu alifiwa, na siku hiyo hiyo mhazini aliweza kusema kiasi kilichopo na nani bado anadaiwa. Hapakuwa na ubishi wowote msibani.

DALILI YA MVUA NI MAWINGU

Dalili za diski inayougua ni hizi: mashine huwa nzito ghafla bila sababu, mafaili hukataa kufunguka au hufunguka yakiwa nusu, majina ya folda hugeuka alama zisizosomeka, kompyuta huomba kukagua diski kila inapowashwa, diski ya nje hupotea na kurudi bila kuguswa, na lililo zito kuliko yote, mlio wa kugonga au kukwaruza.

Mwaka 2007 watafiti wa kampuni ya Google walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000 zilizokuwa zikitumika katika mitambo yao. Waligundua kwamba diski ikishaonyesha kosa lake la kwanza la ukaguzi wa bamba, uwezekano wa kufa kwake ndani ya siku 60 zinazofuata huwa mara 39 kuliko diski isiyo na kosa hilo. Walakini waligundua pia kwamba asilimia 36 ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha onyo lolote katika vipimo vyake vya ndani, joto likiachwa kando. Kwa hiyo wingu likionekana, amini kwamba mvua inakuja. Lakini usidhani kwamba pasipo na wingu hutalowa.

HATUA KWA HATUA

Naomba ukurasa huu ukatwe na kubandikwa karibu na kompyuta.

1. Acha kuandika. Usihifadhi jambo jipya katika diski hiyo, usipakue kitu, usiweke programu mpya. Kila kinachoandikwa huweza kufunika kile unachotaka kukiokoa.

2. Sikiliza. Ikiwa diski inagonga au inakwaruza, izime. Kama vilivyomo havina nakala na havina mbadala, ipeleke kwa wataalamu wa kuokoa data kabla ya kujaribu lolote. Tulichokifanya sisi kwa diski ya chama kilikuwa ni kubahatisha, na bahati ilitukubali. Usikifungue kisanduku cha diski kwa bisibisi, kwani chembe moja ya vumbi yatosha kuleta maafa. Wala usiiweke katika friza kama wanavyoshauriana watu. Unyevu utaganda juu ya mabamba.

3. Nakili. Tumia diski nyingine au fleshi yenye nafasi ya kutosha. Anza na vile visivyopatikana pengine popote: sauti, picha, daftari, vyeti. Sinema na programu ziache mwisho. Faili likigoma, liruke, usipoteze saa nzima ukilibembeleza. Mwenye ujuzi wa Linux atumie programu iitwayo ddrescue. Hiyo hunakili kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, kisha ndipo huzirudia zilizo ngumu.

4. Hakikisha. Fungua baadhi ya nakala, moja moja. Jina la faili kuonekana si ushahidi kwamba yaliyomo yamefika.

5. Pima afya. Diski zina kumbukumbu ya ndani ya hali zao, iitwayo SMART. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo huisoma katika Windows, na smartmontools katika mifumo mingine. Kwa diski za mabamba, tazama mistari mitatu: sekta zilizobadilishwa, sekta zinazosubiri hukumu, na sekta zisizosahihishika. Mistari hiyo ikiwa sifuri, shukuru. Ikiwa si sifuri na inapanda, anza kutafuta diski mpya.

6. Sasa kagua. Katika Windows, fungua dirisha la mafaili, bofya kwa kitufe cha kulia cha mausi juu ya diski, chagua "Properties", kisha "Tools", kisha "Check". Anayependa kuandika amri atafute cmd, aifungue kwa "Run as administrator", na aandike moja ya hizi, akibadilisha herufi C kwa herufi ya diski yake:

chkdsk C: /scan hukagua diski ya NTFS wakati mashine inaendelea kutumika.
chkdsk C: /f hutengeneza makosa ya kadi.
chkdsk C: /r hufanya hayo yote na kutafuta sekta mbovu, na huweza kuchukua usiku mzima au zaidi.

Ikiwa ni diski yenye Windows yenyewe, mashine itasema diski inatumika na kuuliza kama ikague itakapowashwa upya. Bonyeza Y, kisha iwashe upya. Laptopu iwe imechomekwa kwenye umeme, na usiikatize kazi katikati. Wenye kompyuta za Apple wafungue Disk Utility na wachague "First Aid". Katika Linux mkaguzi ni fsck, na diski iwe imeshushwa kwanza, isikaguliwe ikiwa inatumika.

7. Soma ripoti. Yakiwa makosa ya kadi tu, na vipimo vya afya ni safi, diski huweza kuendelea kutumika. Zikionekana sekta mbovu, usiikabidhi tena kitu cha thamani. Diski mpya ni rahisi kuliko majuto.

Mtaona kwamba kukagua kumekuwa hatua ya sita. Mwaka 2019 mimi niliifanya ya kwanza.

DISKI ZISIZOZUNGUKA

Laptopu nyingi mpya hazina mabamba tena. Zina diski za SSD, ambazo huhifadhi data katika chipu. Hazina kichwa wala mzunguko, hivyo hustahimili kuangushwa na hazigongi. Kadi zake huvurugika kama za diski nyingine, na chkdsk huzikagua vilevile, ijapokuwa hakuna haja ya kuzichosha kwa /r mara kwa mara. Tahadhari ni mbili. Kwanza, SSD huweza kufa ghafla, bila mlio wa kukuonya. Pili, ukifuta faili katika SSD, mashine aghalabu huitaarifu diski isafishe nafasi ile, na baada ya hapo kulirudisha ni jambo gumu mno.

Jambo jingine linalowahusu zaidi wazee wenzangu: mtu akikupigia simu na kudai anatoka kampuni kubwa ya kompyuta, kwamba ameona makosa katika diski yako, huyo ni tapeli. Hakuna kampuni inayoyaona makosa yako kutoka mbali na kukupigia simu nyumbani. Kata simu. Usimpe namba ya kadi, wala usimruhusu kuiendesha mashine yako.

AKIBA HAIOZI

Wataalamu wana kanuni ya tatu, mbili, moja. Vitu vyako viwe na nakala tatu. Zikae katika vyombo vya aina mbili tofauti. Na nakala moja iwe mbali na nyumba yako, ili moto au mwizi asichukue zote. Kwa sisi tuliotawanyika kanuni hii si ngumu. Karibu kila mmoja wetu ana ndugu Muscat, Dar es Salaam, Mombasa au Toronto. Mpe diski ndogo yenye picha za ukoo anaposafiri, naye akupe ya kwake. Wanaotumia hifadhi za intaneti nao wanafanya vyema, mradi wakumbuke neno lao la siri na wasilitegemee kama nakala pekee.

Tena, baadhi ya kompyuta za Windows hufunga diski kwa kufuli ya siri iitwayo BitLocker. Diski hiyo ikihamishiwa kwenye mashine nyingine, utaulizwa ufunguo wa tarakimu 48. Utafute sasa katika akaunti yako, uuandike katika karatasi, na uuweke pamoja na pasipoti. Siku ya msiba wa diski si siku ya kutafuta ufunguo.

Mwisho, nawasihi wale ambao bado wana kaseti za nyumbani katika masanduku chini ya vitanda. Zihamishieni katika kompyuta, naam, lakini msizitupe hata zikishika ukungu. Kaseti yenye ukungu huweza kusafishwa na fundi hodari. Hilo nalo nililijua nikiwa nimechelewa.

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, baada ya darasa la Kiswahili la watoto, nitakuwa ukumbini na laptopu yangu na kisanduku cha diski. Mwenye mashine inayolalamika aje nayo, pamoja na waya wake wa umeme na diski tupu ya kunakilia. Asiyekuja na diski tupu nitamkaribisha chai, lakini mashine yake sitaigusa.

Zile dakika kumi na moja za mama sasa ziko katika nyumba tano, katika nchi tatu. Mjukuu wangu wa mwisho, ambaye hakumwona bibi yake mkuu, anaweza kuwataja mababu wanne kwa mfuatano na kwa lafudhi ya Pangani. Anapofika wa nne hunitazama na kuuliza, "Halafu nani, Babu?" Nami sina la kumjibu.

Wasalaam,
Mwalimu mstaafu wenu